Mzigo wa Rangi ya Chungwa

Zuhura na Petro, mmeniomba niandike mambo ya zamani ya karakana, ili mkikwama muwe na pa kuulizia bila kunipigia simu nikiwa shambani. Nimekubali, ila msitegemee mengi. Nimestaafu nikiwa bado sielewi mambo kadhaa, na mojawapo ni kubwa, nalo nitalifikia zamu yake ikifika. Tuanze na siku ya kwanza, maana hiyo angalau naielewa.

Nilitoka Kwihara asubuhi nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Masista walinifundisha kupiga kinanda, na mtu akaniambia kuna fundi wa vinanda Gongoni, Tabora mjini, anatafuta mwenye masikio. Nilimkuta ameinama juu ya meza, miwani kwenye paji la uso, anaitafuta miwani. Huyo ndiye Fundi Mwinjuma. Nyinyi mnamjua kwa picha ile iliyo juu ya mlango.

"Shikamoo fundi," nikasema.

"Marahaba. Kabila gani wewe binti?"

"Mnyamwezi."

Akaweka bisibisi chini. "Alhamdulillahi. Babu yangu alipotelewa na mpagazi wake njiani, kumbe ameniletea mjukuu."

Yeye alikuwa Mzaramo, na babu yake alipanda na msafara kutoka Pwani akanogewa na Tabora. Sisi Wanyamwezi ndio tuliokuwa tukibeba mizigo katika njia ile, na kuanzia hapo Wazaramo na sisi ni watani. Mtani hukutukana asubuhi na kukuzika jioni, na hukasiriki kwa lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo nilimjibu kama nilivyolelewa.

"Babu yangu hakupotea," nikamwambia. "Alitua mzigo apumzike, akaufungua, akamkuta babu yako amelala ndani."

Alicheka mpaka miwani ikamshukia machoni, akaipata. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuniuliza cheti, na mimi sikuuliza kazi yenyewe ni ipi.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa mpagazi. Si Skolastika, si Skola, wala si fundi. Mteja akiingia akauliza, "Fundi yupo?", yeye alijibu, "Fundi ndiye mimi, na mpagazi wangu ni yule pale." Nami nilikuwa na majibu yangu, kwamba Mzaramo huyu anakaa kitako kwa sababu amezoea kubebwa, na kwamba anajiita mtu wa Pwani na bahari hajaiona. Hilo la bahari lilikuwa kweli. Alizaliwa Tabora, akaugulia Tabora, na hakufika Bagamoyo hata siku moja, ingawa aliizungumzia kana kwamba ameacha sufuria jikoni huko.

Sasa vinanda. Nyinyi mmezoea kinanda cheusi, chepesi, kinachoweza kutoa sauti ya jogoo na ya treni. Nilivyovikuta mimi vilikuwa na miguu kama meza, na rangi zake mkiziona mngedhani fundi alikuwa na homa. Kulikuwa na vya chungwa, vya haradali, vya kijani ya parachichi lililoiva kupita kiasi, na vya kahawia vyenye karatasi inayojifanya mbao. Mbele vilikuwa na kitambaa cha spika chenye miduara mikubwa. Zilikuwa rangi za zama za bugaluu na raizoni, wakati watu wa mjini walipovaa suruali zinazofagia barabara na viatu vya kupandia juu kama ngazi. Nilipoanza kazi, bugaluu zilikuwa zinakaribia kuisha, lakini vinanda ndiyo kwanza vilikuwa vinatufikia. Huku kwetu mtindo ulikuja na treni ya mizigo.

Vingi vilikuwa vya feni. Ukiwasha umeme, feni inasukuma hewa, hewa inapita kwenye ndimi ndogo za shaba, na ndimi zinaimba. Kwa hiyo ukiona kinanda kinakoroma, usikimbilie waya. Washa kijiti cha udi ukipitishe polepole kwenye maungio yote, na pale moshi utakapoyumba, hapo hewa inavuja. Ziba kwa nta ya nyuki, ya kwetu hii hii, iliyopashwa moto kidogo na kukandwa kwa vidole. Fundi Mwinjuma alisema Mungu aliijalia Tabora nta kwa sababu alijua vinanda vitakuja.

Lakini nta ina mambo yake. Kwaya moja ya Wamoraviani, kijijini kwenye njia ya Nzega, walitengenezewa kinanda chao vizuri kabisa, nasi tukaziba kila tobo. Kiangazi kilipoingia nyuki wakanusa nta, wakaona ni mzinga uliotengenezwa kwa heshima, wakahamia. Siku ya ibada mpigaji akagusa sauti ya chini, na wimbo ukaendelea bila mpigaji, kwa sababu alikuwa ameshafika kwenye mihogo. Walituletea kinanda pamoja na asali yake. Tangu hapo tunachanganya nta na jivu kidogo, na sijui kama ni jivu linalowazuia au walikinai tu.

Kesi ya rangi iliyonisumbua kuliko zote ni ya kwetu Kwihara. Kigango kilipata zawadi ya kinanda cha chungwa, cha chungwa kweli, kinachokupiga machoni kabla hujakisikia. Katekista akaja karakana na uso wa msiba. Alisema rangi hiyo haimo katika mwaka wa Kanisa. Zambarau anaijua, nyeupe anaijua, kijani na nyekundu anazijua, lakini chungwa asherehekee nayo siku gani? Waumini walishagawanyika. Wengine walisema ni nyekundu iliyofifia, kipigwe Pentekoste tu. Wengine walisema ni dhahabu, kipigwe siku zote.

Fundi Mwinjuma akanigeukia. "Mpagazi, dini yenu ina rangi ngapi?"

"Nne za kawaida."

"Basi kishonee nguo nne. Mungu haangalii mwili wa kinanda, anaangalia nguo."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Wewe umevaa gauni hilo tangu uje, na Mungu bado anakupenda."

Nilishona vifuniko vinne, cha Kwaresima kikiwa na nyuzi za zambarau pembeni, na amani ikarudi. Mpaka leo sijui kama tulitatua tatizo au tulilifunika. Nadhani nusu ya kazi yetu ni hiyo ya pili.

Kisha zikaja zama za weusi. Vinanda vipya vikawa vyeusi vyenye mstari wa fedha, na kila mwenye kinanda cha chungwa akaanza kukionea haya kama mtu aliyepigwa picha akiwa amevaa bugaluu. Vilikuja kwa mikokoteni, vya makwaya, vya bendi za harusi, vya watu binafsi. Mimi ndiye niliyepiga msasa na kupulizia nyeusi. Nilikuwa natema makohozi ya chungwa, halafu ya haradali, kutegemea mteja wa siku hiyo. Nilipaka nyeusi miaka mingi nikaamini rangi zile zimekufa na hazitafufuka.

Kimoja tu hakikuguswa. Kilikaa juu ya kabati refu la vipuri, cha chungwa, kitambaa chake cha kahawia, skrubu zake zote zimezibwa kwa nta. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini Fundi Mwinjuma alipanda kwenye stuli akakifuta vumbi yeye mwenyewe. Siku moja nilitaka kumsaidia kukishusha, akanizuia.

"Acha. Mzigo huo ni wako, lakini siku yake haijafika."

"Siku gani?"

"Siku nikifa. Utajitwika kichwani mpaka Bagamoyo kwa miguu, kama babu zako. Ukifika useme umetumwa na Mwinjuma."

Watu waliokuwapo wakacheka, nami nikasema nitakitua Itigi nikiuze ninunue mbuzi. Ukawa utani wetu wa kudumu. Wateja wakitaka kukinunua, na wengi walitaka, aliwaambia hakiuzwi, ni mzigo wa mpagazi. Sikuwahi kukinyanyua wala kukifungua. Mara nyingine tulipokosa kipuri, alisema amepata kimoja kutoka Dar, na asubuhi nilikikuta mezani nikakifunga kilipohitajika. Niliona ana marafiki wazuri Dar.

Lakini niseme wazi kitu kilichokuwa kinaniuma, maana nyinyi wawili mmekuwa mkiitwa mafundi tangu wiki ya pili na hamuwezi kujua. Nilifanya kazi na mtu yule mpaka mvi zikaniota. Kinanda kilichomshinda yeye kwa masikio, nilikisikia mimi. Hata hivyo hakuwahi kuniita fundi, hata kwa bahati mbaya. Nilipofanya vizuri aliniambia, "Leo mpagazi hakudondosha mzigo." Nilicheka, kwa sababu mtani hakasiriki. Nikifika nyumbani nilikaa nikijiuliza kama ule ulikuwa utani uliofunika heshima, au ulikuwa utani mtupu mpaka chini.

Alipougua, nilikwenda kumwona kila jioni. Siku za mwisho sauti yake ilikuwa ndogo. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa amekaa upande wa kichwa akimpepea. Mzee aliponiona akasema, "Mpagazi, usisahau mzigo wangu." Nikangoja aendelee, aongeze la kuchekesha kama kawaida yake, lakini hakuongeza. Alifumba macho.

Msibani nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa koti lake la kazi, nikaweka miwani yake kwenye paji la uso, nikapita katikati ya kina mama nikiulizia miwani. Walicheka huku wanalia, na mimi niliona heri miwani iwe juu, maana machoni palikuwa pabaya. Mmoja akapaza sauti, "Mpagazi, Bagamoyo lini?" Wote wakaitikia. Mji mzima ulikuwa unajua ule utani.

Arobaini ilipokwisha, Shabani, mtoto wake mkubwa aliyekuwa akiishi Dar, akaniita sebuleni. Alikuwa kijana wa heshima na alitaka mambo ya baba yake yaende sawa. Alisema kuna mtu Dar anayekusanya vitu vya zamani, amekitaka kile kinanda cha chungwa akiweke kwenye ukumbi wake watu wakione.

"Lakini nimeambiwa baba alikuachia wewe, Mama Skola. Wosia ni wosia, siwezi kuuruka. Ila wengine wanasema alikuwa anatania. Wewe ndiye uliyemsikia. Alisema kweli au utani?"

Hilo ndilo jambo kubwa nililowaambia mwanzoni. Nilikitaka kinanda kile. Sikukitaka kwa sauti, maana sikujua kama kinaimba, wala kwa rangi, maana nimeimeza ya kutosha. Nilikitaka kwa sababu fundi wa zamani akimwachia mtu chombo chake, huko ndiko kumwita fundi. Ningesema "kweli" ningekipata siku hiyo hiyo. Lakini mtani anayeapa kwamba maneno ya mtani wake yalikuwa ya kweli ameuvunja utani, na ukishauvunja, yale matusi yote ya miaka yote yanakuwa ya kweli nayo. Na ningesema "utani", basi hata lile la kitandani lilikuwa utani, na mimi nilikuwa mpagazi tu.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi kikae pale pale mpaka utakapojua."

Kikakaa. Nyinyi mmekikuta. Nilikifuta vumbi kila Ijumaa kwa stuli ile ile, bila kukinyanyua. Shabani alikuwa akipita kila mwaka akaniuliza, "Umejua, mama?", nami nikamjibu bado. Mwisho ikawa kama salamu.

Halafu dunia ikapinduka tena, na hapa ndipo mimi nilipochanganyikiwa kabisa. Vijana wakaanza kuleta vinanda vya zamani, vile nilivyovipaka nyeusi kwa mikono yangu, wakitaka nyeusi itoke na chungwa irudi. Petro unakumbuka yule mwenye kofia aliyelia alipoona haradali ikitokeza chini ya msasa. Nilimuuliza anapenda nini hasa, akasema, "Mama, hii rangi ina amani." Sikubishana. Mwenye amani yake muache nayo. Shida ikawa duka la rangi halijui chungwa ile, na wewe Zuhura ukapanda stuli na simu yako kupiga picha kinanda cha juu ya kabati ili wachanganye rangi ifanane. Kwa hiyo kile ambacho hakikupakwa ndicho kilichokuwa kinatuonyesha vingine vilikuwaje. Sijui kama mzee aliliona hilo mbele, au alikuwa mvivu wa kupaka, kama nilivyomwambia siku zote.

Siku yangu ya mwisho, mlipokwenda kula, nilibaki peke yangu. Nilikuwa nimeamua kukiuliza kinanda chenyewe. Nilijiambia hivi: nikikifungua nikakuta ni kizima na kinaimba, basi aliniwekea zawadi, alisema kweli. Nikikuta ni kibovu, alinitania. Mtu aliyetengeneza vinanda maisha yake yote hawezi kupata njia bora kuliko hiyo ya kuamua jambo.

Nilipanda stuli nikakikumbatia, nikajikaza kiuno kama ninayenyanyua gunia la mpunga. Nusura nianguke kinyumenyume. Kilikuwa chepesi. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, ndivyo wanavyosema, lakini huu ulikuwa wangu na bado ulikuwa usufi.

Nilikwangua nta kwenye skrubu, nikafungua kifuniko cha nyuma. Ndani hamkuwa na kitu. Feni haikuwapo, ndimi hazikuwapo, waya hazikuwapo. Palibaki matundu ya skrubu tu, na hayo nikayasoma kama sura za watu. Feni ile ilikwenda kwenye kinanda cha Wamoraviani baada ya nyuki. Safu ya ndimi za juu ilikwenda Kwihara. Swichi ilikwenda kwa bendi ya harusi. Kila kipuri kilichotoka Dar kilitoka juu ya kabati, na mimi ndiye niliyevifunga vyote. Kinanda kile kilikuwa kinaimba mkoa mzima, kasoro pale kilipokuwa.

Na katikati ya ule utupu palikuwa na ngata. Mnaijua ngata, ile pete ya nguo anayojiwekea kichwani anayebeba mzigo. Ilikuwa imesokotwa vizuri, imeshonwa pembeni kwa mkono wa mtu asiyejua kushona, kwa kitenge cha chungwa na kahawia chenye miduara mikubwa. Nilikaa chini. Nilicheka peke yangu kama mwehu, na nililia pia, sitaki kuwadanganya. Kipimo changu hakikufaa kitu. Kinanda hakikuwa kizima wala hakikuwa kibovu. Yeye alikuwa amejibu swali ambalo sikuliuliza, kwamba siku moja atakayekifungua ni mimi na si mwingine. Kama ni utani, basi alikaa akaushona na sindano.

Kifuniko cha nyuma nimewaachia kwenye kabati, mkitaka kulinganisha rangi. Msikipake kitu. Kilichobaki nilikifunga kamba, nikaweka ngata kichwani, ikanienea, nikajitwika.

Nilipita Gongoni mchana, watu wakitazama. Nyumbani kwa marehemu, Bi Mwanaidi alikuwa ameketi kibarazani anachambua mchele. Amezeeka sana sasa, lakini macho yake ni mazima. Nikasimama nimwamkie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakuangalia kinanda, aliangalia kichwa changu. "Hicho kitenge changu. Nilikitafuta nikamgombeza dada wa kazi."

"Nilikikuta ndani ya kinanda. Alikitia mzee."

Aliokota kijiwe kwenye mchele akakitupa. Nilidhani atataka nguo yake.

"Na sasa unakwenda wapi nacho?"

Shingo ilikuwa imenyooka chini ya mzigo, sikuweza kutikisa kichwa. "Bagamoyo," nikasema.

Bi Mwanaidi naye ni Mzaramo. Hakucheka, hata pembe ya mdomo haikusogea.

"Haya," akasema, "safari njema, fundi."

Akarudi kwenye mchele wake. Nilisimama pale kidogo nikimtazama usoni, nikitafuta dalili ya upande wowote, sikuona. Kisha nikaweka mzigo sawa nikaenda zangu, bila kumuuliza.